DHAHABU INAYOSHIKA KUTU

Mahubiri kwa waaminifu wa Kabambare, Kasongo na vijiji vya kando ya mto Luama

Masomo: Yakobo 5:1-6, Kutoka 30:34-38, Malaki 3:1-4

  

Wandugu, jambo lililotuleta kwenye somo hili mnalijua. Limesemwa kisimani, limesemwa sokoni, limesemwa hata na wasio wa kanisa. Afazali tuliseme hapa, mbele ya Mungu, kuliko kulisema njiani.

Mama mmoja wa kwetu, anayeshika sanduku la likelemba ya wamama 12, alinunua unga wa dhahabu kwa kijana wetu. Ulikuwa gramu 20. Kijana alisema umetoka mashimo ya upande wa Namoya. Mama hakuwa na shaka, maana kijana huyu anapiga ngoma katika korali na amemwona akikua tangu utoto. Akaenda nao Kasongo ili auuze na faida igawanywe kwa wamama wote. Mnunuzi wa Kasongo akaumwaga katika kikombe cha kioo, akatia asidi. Unga ukatoa povu, ukatoka moshi wa rangi ya kahawia, na maji yakawa ya kijani. Alipoosha, akakausha, akapima tena, mizani ikaonyesha gramu 14. Gramu sita zilikuwa unga wa shaba ya manjano.

Mama alirudi akilia. Kati ya wale wamama 12 kuna mjane aliyeweka feza ya shule ya watoto. Kuna mwingine aliyeweka feza ya dawa.

Kijana alikubali kosa lake mbele ya wazee. Tangu siku ile kanisa limegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema: Atolewe leo, ili kanisa libaki safi. Upande mwingine unasema: Aachwe, sisi wote ni watu wa mchanganyiko, nani aliye safi? Nimesikia pande zote mbili. Nilifunga siku tatu juu ya jambo hili, na leo nawaletea nilichopewa. Kanisa, mnasikia?

1. Mtoto aliyeuliza swali

Jumapili ile niliposoma Yakobo sura ya 5, mtoto mmoja wa shule ya sekondari alinifuata nje. Akaniuliza kwa heshima: «Baba mchungaji, Yakobo anawaambia matajiri kwamba dhahabu yao na feza yao vimeliwa na kutu. Lakini mwalimu wetu wa kemia anasema dhahabu haishiki kutu hata kidogo. Tumwamini nani?»

Sikumkemea. Nilimwambia: «Mwanangu, nipe juma moja.» Nikaenda kwa mwalimu wake, nikaenda pia kwa mzee mmoja fundi wa vyuma anayevukuta moto tangu ujana wake. Niliyoyasikia kwa hao wawili yalinifungulia Maandiko. Nitawaeleza polepole.

Mwalimu alisema kweli. Dhahabu haipendani na hewa wala na maji. Inakaa katika mchanga wa mto miaka mingi sana kuliko tunavyoweza kuhesabu, na mchimbaji anapoiosha katika sinia inang'aa kama ilivyoumbwa. Asidi ile ya mnunuzi wa Kasongo, inayokula shaba na hata feza, haiigusi dhahabu. Ndiyo maana gramu 14 zilibaki.

Chuma si hivyo. Karibu hatukioti chuma kikiwa tayari katika udongo. Tunakuta udongo mwekundu na mawe mekundu, na ndani yake chuma kimeshikana na oksijeni, yaani sehemu ile ya hewa tunayovuta. Babu zetu walijenga tanuru za udongo, wakatia makaa, wakavukuta, na moto wa makaa ukaiondoa ile oksijeni. Hapo walipata chuma cha jembe na cha mkuki. Lakini mzee fundi aliniambia hivi: «Mchungaji, chuma hakisahau kwao. Ukikiacha kwenye umande, kinaanza kurudi udongo.» Ndivyo ilivyo. Kutu ni chuma kinachoshikana tena na hewa kwa msaada wa maji. Itazame rangi yake, ni rangi ya udongo wetu. Mungu alimwambia Adamu katika Mwanzo 3 kwamba atarudi mavumbini alikotoka, na jembe lako lililosahauliwa shambani linahubiri neno hilohilo kila asubuhi.

Basi madini ya Mungu hayako sawa. Mengine yametulia tangu kuumbwa, mengine yametulizwa kwa moto na yanahitaji kuangaliwa kila siku. Sisi wanadamu ni kabila la chuma. Tumetolewa udongoni kwa moto wa Roho, na tusipokesha tunarudi.

2. Mchanganyiko ulio mzuri

Sasa nasema na upande wa kwanza, ninyi mnaosema usafi ni kuondoa kila kilicho kigeni.

Wandugu, tazameni sisi Wamaniema. Kule Kalima, katika wilaya ya Pangi, bati inachimbwa tangu miaka ya 1930. Chini yetu, Katanga, kuna shaba. Kabla Mzungu hajafika, watu wa Katanga waliyeyusha shaba yao karibu safi, wakaimwaga kwa umbo la misalaba midogo, na misalaba ile ilikuwa feza ya kununulia. Shaba safi ni laini, waweza kuikunja. Bati safi ni laini zaidi, inayeyuka kwa digrii 232 tu, wakati shaba inataka digrii 1085. Lakini fundi akichukua shaba sehemu 9 na bati sehemu 1, akaviyeyusha pamoja, anapata bronzi, ambayo ni ngumu kuliko shaba na ni ngumu kuliko bati. Kengele zinamwagwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Laini mbili zimepatana, zikawa nguvu moja. Wenye elimu wanauita mchanganyiko wa madini kwa jina la aloi.

Tena nitawaambia jambo litakalowashangaza. Bati iliyo safi sana, ikikaa siku nyingi kwenye baridi ya chini ya digrii 13, inaweza kugonjwa. Inavimba, inakuwa ya kijivu, inaanguka kama unga. Katika nchi za baridi za Ulaya, mabomba ya vinanda vikubwa vya makanisa yaliharibika kwa ugonjwa huo. Dawa yake ni nini? Ni kuichanganya na madini mengine kidogo, kama antimoni au bismuti. Bati safi peke yake haikuvumilia baridi, na bati yenye mwenzake ikavumilia. Nani anasikia hapa?

Tazameni pia kijiko cha mama kisichoshika kutu. Ndani yake ni chuma, kabila lilelile la jembe lako. Lakini kimechanganywa na madini yanayoitwa kromi, angalau sehemu 10 na nusu katika 100. Kromi inajitokeza juu, inashikana na hewa na kufanya ngozi nyembamba sana ambayo jicho haliioni. Ukikikwaruza kijiko, ngozi inajifanya tena yenyewe. Chuma peke yake kingeoza katika mchuzi wa chumvi, lakini kwa kuwa kimempokea mgeni, mgeni amekuwa ngao yake.

Sasa someni Kutoka 30. Mungu anamwamuru Musa kutengeneza uvumba: natafi, shekelethi, kelbena na ubani, kila kimoja kipimo sawa, kisha utiwe chumvi. Ni vitu vinne na cha tano ni chumvi. Huo ni mchanganyiko! Lakini katika Kiebrania Mungu anauita uvumba ule kwa neno lilelile la usafi linalotumika kwa dhahabu safi ya hema. Kumbe mbele ya Mungu kitu kinaweza kuchanganywa na kuwa safi.

Kanisa letu lina Wabangubangu, lina Wabuyu, lina Wabembe, lina Wazimba. Lina waliokimbia vita wakafika na mkeka tu. Lina waliozaliwa katika nyumba za Waislamu wa Kasongo na bado wanakula pamoja na shangazi zao siku ya Idi. Kama usafi ungekuwa kubaki peke yako, kanisa hili lisingekuwapo. Asiseme mtu kwamba anamtoa mwenzake ili tubaki safi, kama maana yake ni kwamba mwenzake ametoka upande mwingine wa mto. Nayasema haya kwa sababu nimesikia kabila la kijana huyu likitajwa katika mambo haya, na kabila halikutia shaba katika dhahabu.

3. Mchanganyiko unaoua

Sasa nasema na upande wa pili, ninyi mnaosema aachwe kwa kuwa wote tumechanganyika.

Si kila mchanganyiko unatuliza. Aluminiamu safi, ile ya sufuria, inajifunika haraka ngozi yake ngumu na mvua haiisumbui. Lakini ni laini. Walipotaka kutengeneza ndege, waliitia shaba kiasi cha sehemu 4 katika 100, ikawa na nguvu sana, lakini ikaanza kuliwa haraka na unyevu. Walifanya nini? Waliifunika juu na chini kwa bamba jembamba la aluminiamu safi. Nguvu waliipata kwa kuchanganya, na ulinzi wakaurudia kwenye usafi. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba usafi ni neno la bure.

Shaba ya manjano ni shaba na zinki. Inapendeza sana, na machoni inafanana na dhahabu, ndiyo maana wezi wanaipenda. Lakini ikikaa katika maji mabaya, zinki inatoka ndani yake kidogo kidogo, na shaba inabaki nyekundu yenye vitundu kama sifongo. Umbo halibadiliki. Robinia ya maji inabaki imesimama vilevile, mpaka siku moja unaishika na inavunjika mkononi. Wapendwa, kuna Mkristo wa namna hiyo. Kiti chake kanisani hakijabadilika, vazi lake jeupe halijabadilika, sauti yake katika korali ni ileile, na ndani kitu kimetoka na yeye mwenyewe hajui kilitoka lini.

Kuna tena zebaki. Wachimbaji wengine wanaitumia kukamata dhahabu. Dhahabu ambayo hewa haiishindi, maji hayaishindi, asidi ya mnunuzi haiishindi, zebaki inaikumbatia na kuimeza, nayo inapoteza rangi, inakuwa nyeupe. Haikuliwa na kutu. Imemezwa na rafiki. Vijana, chagueni rafiki. Na kwa kuwa nimeitaja, nawaomba kama baba: msichome zebaki jikoni wala karibu na nyumba. Moshi wake ni sumu, hauna rangi ya kukuonya, na unaumiza mama mwenye mimba na mtoto kabla ya mwingine.

Sasa ninarudi kwa yule mtoto na swali lake. Dhahabu haishiki kutu. Basi dhahabu inayoshika kutu ni ipi? Ni dhahabu yenye kitu kingine ndani. Pete ya dhahabu yenye shaba nyingi inapoteza mwanga, na kidole kinakuwa cha kijani. Anayekula kutu pale si dhahabu, ni yule aliyefichwa ndani yake. Someni Yakobo aya ya 3, halafu msifunge kitabu, someni na aya ya 4. Yakobo anasema mshahara wa waliovuna mashamba, ule uliozuiliwa, unalia. Mnaona? Amewaonyesha matajiri kutu, kisha amewaonyesha imetoka wapi. Ndani ya dhahabu yao kulikuwa na jasho la mtu asiyelipwa. Hicho ndicho kitu kigeni. Yakobo hakukosea elimu ya madini. Aliwatilia asidi.

Na asidi hiyo leo inamwagwa juu yetu sote. Mwenye shimo aliyewapa wachimbaji mchanga badala ya sehemu yao, dhahabu yake inashika kutu. Mwenye mizani anayebana kidole chini ya sahani, dhahabu yake inashika kutu. Upande wa Namoya watu wamechimba tangu wakati wa Wabeleji. Kampuni kubwa ilianza kazi ya biashara pale mwaka 2016, na mwaka 2019 kazi ile ikasimama kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mashini zinakuja na kwenda, bunduki zinakuja na kwenda, lakini kilio cha asiyelipwa kinabaki masikioni mwa Bwana wa majeshi.

4. Kosa langu mimi

Msije mkafikiri mchungaji anawahukumu akiwa juu ya mlima. Mnakumbuka tulipoezeka nyumba hii ya sala. Tunayaita mabati, lakini si bati. Ndani ni chuma, na juu yake kimepakwa zinki. Zinki inafanya kazi ya ajabu. Bati la nyumba likikwaruzwa na chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani inajitoa iliwe kwanza ili chuma kipone. Kila nikiitazama namkumbuka Bwana wetu aliyejitoa kwa ajili yetu. Nawakumbuka pia wamama wanaojimaliza kwa ajili ya nyumba zao. Zinki ikiisha yote, chuma kinabaki uchi. Tusiwaache wamama waliwe peke yao.

Sasa sikieni. Misumari ilipotuishia, mtu mmoja alileta waya wa shaba akasema tufungie mabati kwa huo. Mzee fundi alinionya: «Mchungaji, usiweke shaba juu ya zinki. Mvua ikinyesha watagombana.» Mimi nilisema, waya ni mzuri, ni wa bure, utadumu. Kweli waya umedumu. Lakini pale ulipogusa, zinki imeliwa haraka, halafu chuma kimetoboka, na leo wamama wa upande wa kushoto wanasali na mabeseni miguuni mwao.

Mwalimu alinieleza. Madini mawili yasiyofanana yakigusana katika maji, lile lililo dhaifu linaliwa kwa haraka zaidi, na lile lenye nguvu linapona. Hawakuyeyushwa pamoja, wamefungwa tu bega kwa bega. Bronzi ni shaba na bati waliopita moto mmoja wakawa kitu kimoja. Paa letu ni shaba na zinki walioungwa bila moto, na mmoja anamla mwenzake. Hivyo ndivyo kanisa linavyokuwa tukikaa benchi moja bila kupatana. Mwenye nguvu hasikii kitu. Maskini ndiye anayetoboka.

Nilionywa nikakataa. Naomba msamaha kwa kanisa. Waya utaondolewa, na misumari nitanunua mimi.

5. Chapa na moto

Basi tutafanya nini na kijana huyu?

Nilimwuliza fundi wa pete: dhahabu safi inafaa pete? Akasema hapana, ni laini mno, inakwisha kwa kusuguliwa. Wanaitia shaba na feza. Wanahesabu kwa sehemu 24. Dhahabu safi ni karati 24. Pete ya karati 18 ina dhahabu sehemu 18 na madini mengine sehemu 6. Kwa hesabu nyingine ni 750 katika 1000. Nikamwambia, mbona huyo fundi si mwizi, naye ametia shaba kama kijana wetu? Akacheka, akageuza pete, akanionyesha ndani chapa ndogo: 750. Akasema: «Yeye ameandika.»

Wandugu, hapo ndipo Mungu aliponifungulia. Dhambi ya kijana si kuchanganya. Dhambi yake ni kuficha. Aliita 20 kitu ambacho ni 14. Hata dhahabu tunayoichota mtoni mara nyingi ina feza kidogo ndani yake tangu kuumbwa, na hakuna anayeiita mwizi. Hakuna hata mmoja wetu aliye karati 24 mbele za Mungu. Lakini Mungu anatuuliza: chapa yako inasema kweli? Mume, mkeo anajua hesabu yako? Mzee wa kanisa, sadaka iliyoandikwa ni ile iliyotolewa?

Kwa hiyo siwezi kusema kijana aachwe hivi hivi. Gramu sita ni gramu sita. Kuna mtoto aliyefukuzwa shule kwa gramu hizo. Upendo usiorudisha kitu ni rangi ya dhahabu juu ya shaba.

Wala siwezi kusema atupwe. Malaki anasema Bwana ataketi kama msafishaji wa feza. Ameketi, hajasimama mlangoni na fimbo. Yule mnunuzi wa Kasongo alipoona povu la kijani, je, alikimwaga kikombe chote uwanjani? Hapana! Alingoja povu liishe, akamwaga maji ya kijani, akabaki na gramu 14, akazilipa kwa bei ya dhahabu. Mtu wa biashara alijua kutotupa gramu 14 kwa sababu ya gramu sita. Sisi watu wa Roho tushindwe?

Na kijana asiogope asidi. Uzito wake utapungua. Heshima aliyokuwa nayo haitakuwa ileile mwaka huu. Lakini kitakachobaki kitakuwa kweli. Mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu alifungwa mwaka 1921, akafa gerezani Elisabethville mwaka 1951. Miaka 30 katika unyevu wa gereza, na imani haikushika kutu, kwa sababu hakukuwa na kitu kilichofichwa ndani yake. Mungu hakumhifadhi katika sanduku. Alimwacha katika maji na hewa, kama dhahabu ya mtoni.

Basi, baada ya kusali pamoja na wazee na wamama, hivi ndivyo tulivyopatana. Kijana atasimama mbele ya kanisa na kusema hesabu mwenyewe, bila mtu kumsemea. Ngoma ataiweka chini mpaka deni liishe. Atafanya kazi, na kila anachopata sehemu itaingia sanduku la wamama, mbele ya mashahidi wawili, mpaka gramu sita zitimie. Mjane atalipwa wa kwanza. Na kwa kuwa shule haingoji, kanisa litatoa karo ya watoto wake leo hii, na kijana atalirudishia kanisa baadaye. Siku deni litakapoisha, asiwepo mtu wa kulitaja tena. Atakayelitaja, yeye ndiye waya wa shaba juu ya paa letu.

Mama wa likelemba amekubali. Nilimwuliza kama moyo wake umetulia. Akajibu: «Baba, bado haujatulia. Lakini nimekubali.» Nampenda kwa jibu hilo, maana nalo lina chapa yake ya kweli. Tumwombee.

Tusali. Ee Mungu wa baba zetu, Wewe unayejua uzito wetu bila mizani, uketi juu yetu kama msafishaji. Kilichofichwa ndani yetu kitoke kama povu. Tuyeyushe pamoja katika moto mmoja, Mbangubangu na Mbembe, mwenyeji na mkimbizi, tajiri na mjane, tusilane wenyewe siku ya mvua. Na chapa uliyotuandika ndani ikutwe ni kweli siku ile. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kanisa zima liseme: Amina!